Saa sita ya nani? Uchambuzi wa kisa cha kuiga dhoruba ya theluji ya Januari 2000

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaoanza kutumia modeli za kompyuta kuchunguza dhoruba zilizokwisha kupita. Dhoruba ni ya kweli na imo katika kumbukumbu za wazi. Timu iliyoiiga ilikuwa ya watu wanne. Majina yao, chuo chao na mwaka wa kazi yao nimeviondoa. Nitawaita kwa kazi walizofanya: Mwalimu, aliyesimamia, Mwendeshaji, aliyeendesha modeli kwenye seva, Mchora Ramani, na Mhakiki, ambaye kazi yake ilikuwa kulinganisha matokeo na vipimo vya vituo. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wanne, na baadhi ya makosa yanayofuata ni yangu.

Dhoruba yenyewe

Tarehe 24 na 25 Januari 2000, mgandamizo mdogo wa hewa ulikua haraka karibu na pwani ya kusini-mashariki ya Marekani, kisha ukapanda kaskazini ukiambaa na ufuko. Ilikuwa njia ya kawaida kwa dhoruba za majira ya baridi upande ule. Kilichoifanya ikumbukwe ni kwamba karibu hakuna aliyeitarajia kwa ukubwa ule. Modeli za utabiri ziliendelea kuonyesha kuwa mvua na theluji nzito zingebaki baharini, upande wa mashariki, hadi zimebaki saa chache tu. Uwanja wa ndege wa Raleigh-Durham, North Carolina, ulipima inchi 20.3 za theluji, yaani zaidi ya sentimita 51, na hiyo ikawa rekodi ya kituo hicho. Watu walilala wakitegemea theluji kidogo, wakaamka milango haifunguki.

Aibu iliongezwa na majira. Januari hiyo hiyo idara ya hali ya hewa ya Marekani ilikuwa imetangaza kompyuta kubwa mpya ya utabiri, yenye kasi kuliko iliyotangulia. Modeli yao kuu ya kanda wakati ule, iliyoitwa Eta, ilikuwa na gridi ya kilomita 32, yaani iligawanya anga katika visanduku vya upana huo. Tena haikuwa enzi ya giza: miaka saba nyuma, Machi 1993, dhoruba kubwa kuliko hii ilikuwa imeonekana kwenye modeli siku kadhaa kabla, na maonyo yakatolewa mapema. Kwa hiyo swali la mwaka 2000 halikuwa kama kompyuta zinaweza kuona dhoruba ya theluji. Zilikuwa zimeshaweza. Swali lilikuwa kwa nini hii iliwaponyoka.

Watafiti wengi waliirudia. Fuqing Zhang na wenzake walionyesha, katika makala za mwaka 2002 na 2003, jinsi tofauti ndogo sana za mwanzo zinavyokuzwa na mawingu ya radi kisha zikasambaa hadi kwenye umbo zima la dhoruba. Michael Brennan na Gary Lackmann, wa chuo kikuu kilichopo Raleigh kwenyewe, walionyesha mwaka 2005 kwamba eneo la mvua lililozuka mapema juu ya majimbo ya kusini, kabla dhoruba haijakomaa, lilitoa joto fiche, yaani joto linalotoka mvuke ukigeuka maji, lililosaidia kuvuta unyevu kutoka Atlantiki kuja nchi kavu. Modeli za utabiri zilikuwa zimeikosa mvua hiyo ya mapema.

Timu yetu ilijua makala hizo zipo, ila Mwalimu alitukataza kuzisoma kwa mwezi wa kwanza. Nitarudi kwenye uamuzi huo, maana sina hakika ulikuwa wa busara.

Vifaa

Tulitumia WRF, modeli ya wazi inayotunzwa na kituo cha utafiti wa anga cha NCAR, Colorado, Marekani, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua. Modeli ya namna hii hugawanya anga katika visanduku, kisha kwa kila kisanduku hukokotoa upepo, joto, unyevu na mgandamizo, hatua ndogo baada ya hatua ndogo. Kanuni ya mazoea katika WRF ni kwamba hatua ya muda, kwa sekunde, isizidi mara sita ya upana wa kisanduku kwa kilomita: kisanduku cha kilomita 12, sekunde 72. Ukizidisha, upepo unaruka kisanduku kizima ndani ya hatua moja na hesabu zinalipuka.

Yanayotokea ndani ya kisanduku bila kuonekana na gridi, kama wingu la radi lenye upana wa kilomita tatu ndani ya kisanduku cha kilomita 36, hukadiriwa kwa fomula. Modeli inatoa fomula nyingi za kuchagua, na hapo ndipo wageni wengi hupotelea. Nasi tulipotelea.

Modeli ya kanda inahitaji kulishwa mara mbili: hali ya anga wakati wa kuanza, na hali ya anga kwenye kuta za eneo lake kwa muda wote inapokwenda. Vyote viwili tulivichukua kwenye uchanganuzi wa dunia wa Marekani unaojulikana kama FNL, yaani makadirio ya hali ya anga ya dunia nzima yanayotokana na vipimo, wenye gridi ya nyuzi 1 ya latitudo na longitudo na faili moja kila baada ya saa 6. Mkumbuke huo utaratibu wa faili kila saa 6.

Yaliyotokea: ushindi wa haraka

Jaribio la kwanza lilifana mno. Mwendeshaji alichora eneo dogo la visanduku vya kilomita 12, kuanzia Georgia hadi Virginia, ukuta wake wa mashariki ukipita baharini si mbali na pwani. Akaanzisha modeli tarehe 24 saa 00 UTC, yaani usiku wa manane kwa saa ya dunia. Asubuhi Mchora Ramani alifungua picha: utepe wa theluji nzito ulikuwa umekaa juu ya North Carolina, karibu kabisa na ulipopaswa kuwa.

"Mwalimu, imekubali," Mwendeshaji alisema.

"Imekubali nini?"

Hakuna aliyejibu. Mwalimu alisogea kwenye kioo, akaweka kidole kwenye ukuta wa mashariki wa eneo letu. "Hapa mnampa upepo wa kweli kila saa sita. Na hapa. Na hapa. Dhoruba yenyewe iko kilomita mia kadhaa tu kutoka kwenye kila ukuta. Modeli imebashiri nini, kama majibu yanaingia mlangoni?"

Ndivyo ilivyokuwa. FNL inatengenezwa baada ya vipimo kukusanywa, kwa hiyo faili ya tarehe 25 imeshaona yaliyotokea tarehe 25. Eneo likiwa dogo, kuta zinaisukuma dhoruba hadi mahali sahihi hata kama ndani ya eneo modeli imekosea. Mtabiri wa mwaka 2000 hakuwa na kuta za namna hiyo. Kuta zake zilitokana na utabiri mwingine.

Yaliyotokea: kushindwa kuliko na faida

Uamuzi wa pili ulikuwa kupanua eneo. Tuliweka gridi ya nje ya kilomita 36 inayoanzia Pasifiki ya mashariki hadi katikati ya Atlantiki, ndani yake gridi ya kilomita 12 juu ya nusu ya mashariki ya Marekani, na tukaacha nafasi ya kuongeza ya kilomita 4 baadaye. Kuta sasa zilikuwa mbali kiasi kwamba dhoruba ilibidi ijitengeneze yenyewe ndani.

Jaribio la pili lilianguka baada ya muda mfupi. Ukifungua faili ya kumbukumbu ya WRF baada ya kuanguka hivi, unakuta mistari mingi yenye herufi cfl, kila mmoja ukitaja idadi ya visanduku ambamo upepo ulizidi kikomo cha hatua ya muda. Visanduku vyetu vingi vya namna hiyo vilikuwa juu ya milima ya magharibi. Mwendeshaji akapunguza hatua ya muda kutoka mara sita hadi mara nne ya upana wa kisanduku, ikatulia.

Jaribio la tatu lilimaliza salama, na dhoruba ikaenda baharini. Raleigh ilipata chini ya nusu ya ilichopata kweli, na utepe mzito ukabaki mashariki.

Nakumbuka Mwendeshaji alivyokaa kimya. Mwalimu alikuwa anatabasamu. Sasa tulikuwa tumeshindwa kwa namna ileile walivyoshindwa watabiri, na kitu kinachoshindwa kwa namna inayofahamika kinaweza kuchunguzwa. Alisema tuliache jaribio hilo bila kuligusa, liwe la msingi, na kila jaribio jingine libadilishe kitu kimoja tu.

Nusu ya kwanza ya agizo tuliitii. Ya pili tuliivunja mara moja.

Wiki tatu za fomula

Kutoka jaribio la nne hadi la sita tulibadilisha fomula za fizikia: za mawingu ya radi, za chembe za barafu na theluji ndani ya mawingu, za tabaka la hewa linalogusa ardhi. Mara nyingine tulibadilisha mbili kwa pamoja kwa sababu foleni ya seva ilikuwa ndefu na kila mtu alitaka jaribio lake liingie. Utepe ulisogea kidogo magharibi, ukarudi kidogo mashariki. Kila badiliko lilikuwa na maelezo yake mazuri, na hakuna maelezo mawili yaliyokubaliana.

Katika wiki hizo Mhakiki aligundua jambo ambalo lingepaswa kugunduliwa siku ya kwanza. WRF hutoa theluji katika namba zaidi ya moja. Ile iliyotumika kwenye ramani zetu hujumlisha theluji iliyotengenezwa na gridi yenyewe tu, tena kwa milimita za maji. Unyeshaji unaotoka kwenye fomula ya mawingu ya radi huwekwa mahali pengine, bila kusema kama ni mvua au theluji. Kwenye gridi za kilomita 36 na 12, sehemu ya theluji yetu ilikuwa imekaa katika hesabu hiyo ya pili, haijahesabiwa.

Mhakiki aliandika kwenye ubao jedwali dogo: unyeshaji wa gridi, unyeshaji wa fomula, joto la hewa karibu na ardhi, uamuzi. Baada ya hapo tuliacha kulinganisha kina cha theluji na tukalinganisha maji tu, milimita kwa milimita. Ile desturi ya kuzidisha milimita za maji mara kumi kupata kina cha theluji ni makadirio ya mezani; uwiano halisi hutegemea joto, upepo na aina ya chembe, na unabadilika ndani ya dhoruba moja. Hata kipimo cha kituo si kitakatifu. Kwenye upepo mkali kopo la kupimia hukosa sehemu kubwa ya theluji inayopita juu yake.

Marekebisho hayo yalituongezea unyeshaji kidogo pale Raleigh, lakini hayakuusogeza utepe. Dhoruba yetu bado ilikuwa baharini.

Jaribio la saba

Ijumaa jioni Mwalimu alipiga simu akiwa njiani. Alitaka jaribio la msingi lirudiwe kama lilivyo, fomula zilezile, ila na gridi ya kilomita 4 iwashwe ndani, ambayo haihitaji fomula ya mawingu ya radi kwa kuwa mawingu makubwa huanza kuonekana yenyewe. Mwendeshaji aliandika maagizo kwenye karatasi. Mstari mmoja ulisomeka hivi: *Anza tar. 24 saa 6.*

Mwalimu alikuwa amesema saa sita usiku. Kwa Kiswahili chake, na chetu sote, saa sita usiku ni usiku wa manane, yaani 00. Mwendeshaji alijaza fomu ya modeli Jumamosi, karatasi mkononi, akiwa ameshinda siku nzima anasoma majina ya faili yanayoishia na 00, 06, 12 na 18. Akaandika 06.

Kulikuwa na faili ya 06. Modeli haikulalamika. Ilianza saa sita baadaye kuliko jaribio la msingi, na Jumatatu utepe wa theluji ulikuwa umerudi nchi kavu.

Tulifurahi kwa takribani siku mbili. Mwendeshaji alishaanza kuandika aya inayosema gridi ya kilomita 4 ndiyo dawa. Mhakiki ndiye aliyeharibu sherehe, na hakuwa anatafuta kosa. Alikuwa anachora mvua ya saa moja moja, na saa za mwanzo za mchoro wa jaribio la saba hazikuwepo.

"Mwalimu, samahani," alisema kwenye kikao. "Hili la saba limeanza lini?"

"Saa sita."

"Saa sita ya nani?"

Mwendeshaji alifungua fomu ya modeli, akasoma mstari wa saa ya kuanzia, akaushika uso wake kwa mikono miwili. Halafu sote tukacheka, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine. Kulikuwa na saa tatu katika chumba kile: ya dunia, ya Raleigh iliyo nyuma ya ile kwa saa tano wakati wa baridi, na yetu ya Kiswahili inayoanza kuhesabu jua likichomoza. Hakuna aliyekuwa amekubaliana na mwenzake itumike ipi.

Uamuzi: kutolifuta kosa

Hapa ndipo pangeweza kuishia. Jaribio lina kosa, lirudiwe kwa 00, aya ya Mwendeshaji ifutwe. Mwalimu aliagiza lirudiwe kweli, na jaribio la nane, kilomita 4 na kuanza 00, lilipotoka, utepe ulikuwa umesogea magharibi kidogo tu kulinganisha na la msingi. Gridi nyembamba ilisaidia, ila haikuwa imeleta tofauti kubwa tuliyoiona.

Tofauti kubwa ilikuwa imo ndani ya yale masaa sita. Ndipo Mwalimu alipouliza swali lililopaswa kuwa la kwanza tangu mwezi wa kwanza: modeli inayoanza 06 imeona nini ambacho inayoanza 00 haijakiona?

Mchora Ramani akaweka picha mbili ubavuni, za saa 06, tarehe 24. Kushoto, jaribio la nane likiwa limekwenda saa sita. Kulia, jaribio la saba likiwa ndiyo kwanza linaamka kutoka kwenye faili ya uchanganuzi. Upepo wa juu ulifanana sana. Tofauti ilikuwa chini, juu ya Alabama na Georgia: upande wa kulia hewa ilikuwa na unyevu zaidi, na mzunguko dhaifu wa upepo ulikuwa umeshaanza. Rada za siku ile zilionyesha mvua ikikua sehemu hizo. Jaribio la nane lilikuwa halijaitengeneza ya kutosha. La saba halikulazimika kuitengeneza. Lilikuwa limekabidhiwa alama zake.

Sasa ndipo Mwalimu aliporuhusu makala zisomwe. Tulisoma za Brennan na Lackmann tukiwa na picha hizo mbili mezani, na nakiri kwamba ni mara chache nimesoma makala ya sayansi kwa pumzi moja namna ile.

Jaribio la kuzima joto

Mvuke ukigeuka maji hutoa joto ulilolibeba: takribani jouli milioni 2.5 kwa kila kilo. Eneo la mvua pana kama nusu ya jimbo linatoa joto hilo katikati ya anga, hewa inapanda, mgandamizo chini yake unashuka, na mzunguko wa upepo wa tabaka la chini unaimarika. Mzunguko huo ukisogea kuelekea mashariki, upepo wa upande wake wa mbele huvuta hewa yenye unyevu kutoka baharini kuja nchi kavu. Hewa hiyo ikipanda juu ya hewa baridi iliyolala ndani ya North Carolina, theluji inashuka mahali ambapo modeli isiyo na mvua ya kwanza isingeiweka.

Hayo ni maelezo. Kuyapima, tulilichukua jaribio la saba na kuligawa vipande viwili. WRF ina swichi ya kuzima joto linalotolewa na mawingu ya gridi huku mvua yenyewe ikiendelea kunyesha. Kwa muda wa saa sita za kwanza (muda, safari hii tuliandika kwa maneno) tulizima joto hilo, modeli ikahifadhi hali yake, kisha tukaiamsha tena swichi ikiwa imerudishwa hadi mwisho. Upepo wa juu ulikuwa uleule, kuta zilezile, fomula zilezile.

Utepe ulirudi mashariki. Haukurudi hadi ulipokuwa kwenye jaribio la msingi, lakini ulirudi, na upepo wa tabaka la chini kutoka baharini ukadhoofika kwenye pwani ya Carolina saa kadhaa kabla ya theluji nzito.

La mwisho lilikuwa kundi la majaribio kumi. Yote yalianza 06, yote yalikuwa ya kilomita 4, kila moja likiwa limeongezewa mchafuko mdogo wa joto ambao kipimajoto cha kawaida kisingeuona. Njia ya kituo cha dhoruba haikutofautiana sana. Kingo ya magharibi ya theluji nzito ilitofautiana, na Raleigh ilikuwa karibu na kingo hiyo.

Matokeo

Ripoti ya timu ilisema mambo matatu. Katika modeli yetu, kwa data zetu, mvua ya mapema juu ya Alabama na Georgia ilikuwa na mchango mkubwa katika kuivuta theluji nchi kavu. Gridi nyembamba peke yake haikutosha kuileta mvua hiyo. Na hata ikishakuwepo, kiasi cha theluji cha kituo kimoja kilicho kingoni hakiwezi kutolewa kama namba moja.

Hakuna kati ya hayo lililokuwa jipya duniani. Ripoti ilipita kama kazi ya mafunzo, na Mhakiki alipewa sifa za pekee.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni lile jaribio la msingi lililoachwa bila kuguswa. Tungelipatanisha na vipimo kwa kubadilisha fomula hadi likubali, na tungeweza, tusingebaki na kitu cha kulinganisha jaribio la saba nacho. Ajali ya saa ilizaa kitu kwa sababu tu upande wa pili kulikuwa na jaribio linalofanana nalo kwa mengine yote isipokuwa gridi na saa, na jaribio la nane likatenganisha hayo mawili. Bila jaribio la nane, aya ya Mwendeshaji kuhusu kilomita 4 ingechapishwa, nasi tungeitetea kwa nguvu.

Kazi ya Mhakiki nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Hakuwa na ujuzi wa fizikia kuliko wengine. Alichokuwa nacho ni tabia ya kuchora saa moja moja badala ya jumla ya dhoruba nzima. Ramani ya jumla ilikuwa imeficha saa ya kuanza, imeficha theluji ambayo haikuhesabiwa, na ingeendelea kuficha.

Wiki tatu za fomula zilikuwa hasara, na sababu si uvivu. Fomula ziko mbele ya macho: ziko kwenye orodha, zina namba, unabadilisha moja kuwa mbili na kitu kinatokea. Hali ya mwanzo haionekani hivyo. Inakuja ndani ya faili iliyotengenezwa na wengine na unaichukulia kama anga yenyewe, wakati ni makadirio ya anga kwa gridi ya nyuzi 1, kisanduku kikubwa mno kuonyesha undani wa mvua changa. Mwalimu alilijua hilo. Kutukataza kusoma kulikuwa na nia ya kutufanya tuligundue wenyewe, na kwa kweli tuligundua, ila kwa bahati. Mimi ningesoma makala wiki ya pili, mara tu baada ya jaribio la tatu kushindwa. Mwalimu bado anakataa, anasema tungeona tulichoambiwa tukione.

Kuna mapungufu ambayo ripoti iliyataja kwa sentensi moja na yalistahili zaidi. Swichi ya joto ilizima joto juu ya eneo lote, si juu ya Georgia tu, kwa hiyo hatuwezi kusema ni mvua ile pekee. Ilipaswa kufanywa jaribio la kuzima joto mahali pengine, mbali, na kuona kama utepe unabaki palepale. Muda wa seva uliisha. Pili, jaribio letu la msingi lilishindwa kwa sura ileile ya Eta ya mwaka 2000, lakini modeli ni tofauti na data za kuanzia ni tofauti. Kufanana kwa sura ya kosa hakuthibitishi kufanana kwa chanzo chake. Tatu, hata kuta zetu za mbali zilikuwa za FNL, yaani za anga iliyokwisha kutokea. Tulikuwa tunachunguza dhoruba, hatukuwa tunaitabiri, na katika rasimu ya kwanza maneno hayo mawili tuliyachanganya mara nyingi kiasi kwamba Mchora Ramani aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu yote.

Kuhusu saa, timu ilipitisha kanuni kwamba kila karatasi, jina la folda na maelezo ya ramani yatumie UTC kwa tarakimu mbili na herufi Z, na saa ya Kiswahili ibaki ya kupangia chai. Jaribio la saba halikufutwa wala kubadilishwa jina. Folda yake inaitwa jaribio_07_saa6, na ndani yake Mwendeshaji ameacha faili ya maandishi yenye mstari mmoja: *06Z. Siyo usiku wa manane.*